Waya Alioufunga Baba Mdogo

Skuta, Nyeri
Jumapili, baada ya ibada

Wangeci mwanangu,

Sikuulizi hali, maana asubuhi hii nimekuona ukinywa chai umesimama, mkoba begani, ukiwahi gari la Mukurweini kwenda kumuaga cucu wako, mama wa baba yako. Nimekaa mezani mapema ili nimalize kabla hujarudi. Najua nikikuona tu nitaanza kukuuliza kama umeweka sweta ya pili, na haya ninayotaka kukuambia hayatasemwa tena. Ukiingia nitakupa karatasi hizi mkononi. Uzisome leo, usingoje kesho. Utakapofika mwisho utaona kwa nini.

Nakuandikia kwa Kiswahili, nawe umezoea nikuongeleshe Gikuyu. Gikuyu changu kwako kimekuwa cha kukukemea na kukubembeleza. Kiswahili ndicho nilichofanyia kazi, na haya ni mambo ya kazi.

Habari za sabuni, nauli na chakula cha huko Nairobi siziandiki. Utazijua mwenyewe ndani ya wiki ya kwanza.

Siku ile barua ya chuo ilipofika, nikasoma kwamba wamekuchukua kusomea ufundi wa laini za simu, niliikunja nikaingia jikoni bila kusema neno. Ulinifuata ukaniuliza, "Mami, kwani ulitaka nisomee nini? Kushona?" Ulidhani nimenyamaza kwa sababu wewe ni msichana. Hapana. Wasichana wapande nguzo kama wanataka. Nilinyamaza kwa sababu niliuona ukuta wa ofisi moja ya zamani, na sanduku la chuma juu yake, na mtu amesimama chini na koleo mkononi, mvua inaanza.

Unajua nilipigwa na radi kupitia simu. Umekua ukisimama upande wangu wa kushoto kila unapotaka nikusikie. Hilo halikuwa siri hapa nyumbani. Lakini hujawahi kusimuliwa mwanzo hadi mwisho, na sehemu uliyoisikia umeisikia kwa cucu wako. Yeye anaisema kama mama aliyeumia, na sina neno juu ya hilo. Sasa isikie kwangu.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Kiwanda cha mbao kilikuwa kule juu, msitu unapoanzia, mahali ambapo nguo ulizoanika asubuhi unazianua jioni zikiwa na maji zaidi ya ulivyozitundika. Mzungu aliyekuwa nacho alikuwa ameuza akaenda zake, na meneja mpya alikuwa Bwana Gathogo, mtu wa kutembea haraka na kuvaa tai hata siku za matope. Mimi nilikuwa operata. Nilikaa mbele ya swichibodi, hedifoni kichwani, nikiunganisha watu wa mjini na watu wa kiwandani. Wewe ulikuwa mdogo, unaachwa kwa cucu wako.

Kazi hiyo nilitafutiwa na Kariuki, ndugu mdogo wa baba yako. Nataka ulishike hilo kabla hatujaendelea. Alikuwa ndiye fundi wa nyaya wa kiwanda. Ofisi ilipotaka operata, alienda kwa karani akasema, "Shemeji yangu amesoma, na sauti yake inasikika vizuri." Hivyo ndivyo nilivyopata mshahara wangu wa kwanza maishani.

Kariuki alikuwa mtu wa kuchekacheka na kuelezea. Wakati wa chai alikuja na kikombe chake akaegemea dirisha langu kwa nje, na kwa kuwa sanduku la kukinga radi lilikuwa ukutani pale pale, ndilo alilonielezea mara nyingi zaidi.

"Unaona hii kitu?" aliniambia. "Kazi yake ni kukufa kabla yako."

Nilimwambia asiniletee maneno ya kifo nikila mkate.

"Ni ukweli. Radi ikikuja na laini, inaingia hapa kwanza, inashuka na hii kebo mpaka chini kwa udongo. Wewe hapo ndani unaendelea kusema halo, halo."

"Na hii kebo ikitoka?"

"Ikitoka, radi itatafuta njia ingine. Na ingine ni wewe."

Kebo hiyo ilikuwa nene, ya shaba. Ilitoka chini ya sanduku ikateremka ukutani hadi kwenye fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini. Alinionyesha jinsi ilivyoshikiliwa na klampu, vile vibano vya chuma vya kufungwa kwa skrubu, kimoja karibu kabisa na mdomo wa sanduku na vingine vikifuata kuelekea chini. Alisema watu hudhani klampu ni ya kufanya kebo ionekane nadhifu. Kumbe upepo ukiivuta kebo, klampu ndiyo inayovutwa. Kama haipo, panavutwa pale ndani kebo inapoingia kwenye skrubu yake, kidogo kidogo, hadi siku moja ichomoke na hakuna atakayejua, maana sanduku limefunikwa. Alinionyesha pia mkunjo aliouacha chini ya sanduku kusudi maji ya mvua yadondokee pale, yasiifuate kebo kuingia ndani. Nilimsikiliza nusu nusu. Yale niliyoyashika niliyashika kwa sababu alipenda kuyarudia.

Basi siku moja lori la magogo lilirudi nyuma vibaya, likaukwangua ukuta wa ofisi. Halikuvunja ukuta, lakini liling'oa klampu zote, na kebo ikabaki inaning'inia kama kamba ya mbuzi. Kariuki alipanda ngazi, akaikaza tena ndani ya sanduku, kisha akaifunga ukutani kwa waya mwembamba, ule wa kufungia mizigo, akiuzungusha kwenye misumari. Aliposhuka aliniambia, "Hii ni ya leo tu. Nataka klampu."

Alikuja kwenye swichibodi nikampigia Bwana Gathogo, aliyekuwa mjini. Operata husikia, Wangeci. Unaunganisha, unasubiri uhakikishe wamepatana, na hapo katikati maneno yanapita masikioni mwako. Nilimsikia Kariuki akisema klampu zimeng'oka na mvua zinakaribia. Nikamsikia meneja akijibu, "Si umefunga? Imeshika? Basi. Nitaleta nikija."

Alikuja bila klampu. Kariuki akaomba tena kwa simu, mimi nikiunganisha, akajibiwa vile vile, safari hii kwa ukali. Akaomba tena. Mvua za masika zikaingia. Ule waya wa leo tu ulikuwa bado pale, umeanza kushika kutu.

Asubuhi ya siku yenyewe kulikuwa na upepo kutoka mlimani. Kupitia dirishani niliona kebo inapigapiga ukuta. Nilimwita Kariuki. Alikuja na koleo, akapanda, akausokota ule waya mara kadhaa, na hapo hapo Bwana Gathogo akatoka kwenye banda la misumeno akipiga kelele kwamba mashine imesimama, watu wamekaa bure, fundi yuko wapi. Kariuki alitazama sanduku, akamtazama meneja. Sanduku hakulifungua. Akashuka.

"Nitarudi kwa hii kitu mchana," aliniambia akipita dirishani.

Hakurudi. Mashine ilimshika hadi alasiri. Na mimi sikumkumbusha. Mvua kubwa ilipoanza na ngurumo zikasogea, tulikuwa na ruhusa ya kuvua hedifoni na kuondoka kwenye bodi. Bwana Gathogo alichungulia mlangoni akasema anataka Nanyuki, mara moja. Nikairudisha hedifoni kichwani nikachomeka waya wa Nanyuki.

Watu huniuliza mlio ulikuwaje. Sikusikia mlio. Nakumbuka nikiwa chini, kiti kiko juu ya miguu yangu, kinywani ladha kama nimelamba msumari, na harufu ya nywele. Niliona midomo ya watu inatembea. Kariuki alikuja amejaa grisi mpaka viwikoni, akaninyanyua kama mtoto, akanipeleka kwenye lori akiwa analia waziwazi mbele ya wanaume wote wa kiwanda. Alikaa nyuma pamoja nami mpaka hospitali, ameshikilia turubai nisinyeshewe. Hilo pia ulishike.

Niliporudi nyumbani sikio la kulia lilikuwa limekwenda, na lile la kushoto lilikuwa likipiga kelele ndani kwa ndani, mchana kutwa. Shingo ilikuwa imeungua. Wewe ulipoletwa kuniona ulikataa kuja kwangu, ukajificha kwenye gauni la cucu wako. Hapo ndipo hasira iliniingia. Sijawahi kuwa na hasira kama ile, na ilitafuta mtu wa kumshika. Kila nilipofumba macho nilimwona Kariuki akishuka ngazi bila kulifungua sanduku. Sikumwona Gathogo. Sikuyaona mapipa ya klampu yaliyokuwa yamejaa katika maduka ya mjini. Nilimwona yule niliyempenda.

Wakaja mabwana wawili kutoka ofisi kuu ya kampuni kuuliza ilikuwaje. Niliitwa, kichwa kimefungwa bendeji. Waliketi na Bwana Gathogo nyuma ya meza yake. Kariuki alisimama karibu na mlango, kofia mkononi.

"Nani aligusa hiyo kebo mara ya mwisho?" mmoja akaniuliza, akiinua sauti kwa ajili ya sikio langu.

"Kariuki."

"Ulimwona wewe mwenyewe?"

"Nilimwona."

"Aliifunga na nini?"

"Na waya wa kufungia mizigo."

"Asante, mama. Pole sana. Unaweza kwenda."

Hayo yote yalikuwa kweli, Wangeci. Hata leo nikiapishwa nitayasema. Lakini nilijua kwamba swali lililobaki, la kwa nini alitumia waya, hawakuliuliza kwa sababu hawakutaka jibu lake. Na jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelisikia kwa masikio yote mawili nilipokuwa nayo. Kariuki alinitazama. Hakuomba kitu, alingoja tu, kama mtu anayengoja umalize kumeza ndipo uendelee kusema. Nikasimama nikatoka.

Alifukuzwa kazi siku hiyo. Nyumba ilikuwa ya kampuni, kwa hiyo na nyumba ikaenda. Mke wake alishuka mlima na godoro kichwani. Cucu wako alikuja hapa akasimama mlangoni, akaniambia kwa Gikuyu neno ambalo kwa Kiswahili nitaliandika hivi: umemuuza mtoto wangu. Nilimjibu kwamba nilisema kweli tupu. Na nilijibu kwa kiburi, nikiwa nimeshika shingo yangu iliyoungua ili aione.

Baba yako hakunigombeza. Unamjua alivyokuwa. Aliniacha siku kadhaa, kisha tukiwa tunamenya viazi akaniuliza, "Hizo simu za klampu, wewe ulizisikia?"

"Nilizisikia."

Aliendelea kumenya. Hakuniuliza tena jambo hilo mpaka anakufa. Nakuambia ukweli, afadhali angenipiga kelele.

Basi nikapanda kule juu. Bendeji ilikuwa imetolewa. Niliingia ofisini kwa Bwana Gathogo makarani wakiwa pale, nikasema, "Kariuki aliomba klampu kwako, na si mara moja. Mimi ndiye niliyeunganisha. Ulimwambia utaleta ukija."

Alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. "Kazi ya operata," akasema, "ni kuunganisha. Haikuwa kusikiliza." Kabla ya jua kutua nami sikuwa na kazi. Nilikwenda hadi kwa wale mabwana wa ofisi kuu. Mmoja wao alinipa kiti na chai, akanisikiliza vizuri sana, akasema jambo hilo limeshafungwa.

Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nilikwenda kumtafuta Kariuki nimwambie. Nilimkuta Karatina, sokoni, akipakia magunia ya viazi kwenye lori la mtu. Fundi yule, na magunia mgongoni. Nilimweleza yote, nilivyosema mbele ya makarani, nilivyofukuzwa. Nadhani nilitarajia atanishika mkono.

Aliweka gunia chini. "Umechelewa, shemeji," akasema. "Hiyo maneno, ungeisema ile siku, ingenisaidia mimi. Leo inakusaidia wewe."

Akainama akabeba gunia lake.

Baadaye alienda Timau. Nilisikia kwamba mwenye shamba moja la ngano alimchukua amtengenezee nyaya za umeme na simu, na kwamba yuko huko mpaka leo. Wewe umemwona mara moja tu ukiwa na akili, siku tulipomzika baba yako. Ni yule mrefu mwenye mvi aliyesimama peke yake nyuma ya wanaume. Alitupa udongo wake, akawapa mkono watu wa mstari wetu mmoja mmoja. Wewe alikushika kichwa. Mimi alinipita. Ulinong'ona, "Mami, huyo ni nani hajakusalimia?" nikakuambia hakuniona.

Nimeishi na jambo hili muda mrefu nikiligeuza huku na huku. Kuna siku namlaumu. Angelifungua lile sanduku, angekuta kebo imechomoka, angeikaza, mimi ningekuwa na masikio mawili. Alijua kuliko sisi wote. Halafu nakumbuka alivyoitwa na mkubwa wake kwa makelele, na nilivyoitwa mimi na mkubwa yule yule nikarudisha hedifoni kichwani. Sisi sote wawili tulishuka ngazi siku ile. Siwezi kumdai ujasiri ambao mimi mwenyewe sikuwa nao.

Sasa wewe unakwenda kwenye kazi hiyo hiyo. Nikiamka usingizini nakuona juu ya nguzo, kebo mkononi, na mtu chini anakuambia uharakishe. Mtu huyo atakuwepo, usidhani walikwisha na Bwana Gathogo. Atakuambia funga tu, tutaleta kesho. Sijui utafanya nini. Ningependa kukuambia ukatae, lakini mimi sikukataa, na Kariuki hakukataa, na wote tulikuwa watu wazima wenye watoto wa kulisha. Ninachoweza kukuomba ni kidogo zaidi. Ukilazimika kuacha kitu kimefungwa vibaya, mwambie yule atakayekaa ndani. Mwambie leo usiguse hii simu. Hilo Kariuki hakuniambia, na nadhani ndilo linalomuuma hata kuliko kazi aliyoipoteza, ingawa sijawahi kupata nafasi ya kumuuliza.

Na siku utakayoitwa mbele ya meza, ujibu uliloulizwa, kisha ubaki umekaa. Watakuambia asante, unaweza kwenda. Kaa. Sema lililobaki hata kama sauti inatetemeka, hata kama unayemsemea amekukosea na shingo yako bado inauma. Hasira yangu ilikuwa ya haki. Ndiyo maana ilinidanganya vizuri.

Nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Jana, ulipokuwa mjini kununua sanduku, pikapu ilisimama nje. Nilidhani ni mtu wa maziwa. Alishuka Kariuki. Amezeeka, Wangeci, anatembea na mkono kiunoni. Hakuingia ndani ya uzio. Nilitoka na mikono ya unga.

"Nimesikia kwa mama ati Wangeci anaenda kusomea laini," akasema.

"Ndiyo. Kesho kutwa."

"Anaenda na nini?"

"Gari za hapo stendi."

Alitazama viatu vyake. "Niko na mashine ya shamba ya kupeleka Nairobi kutengenezwa. Nitapita hapa kesho kutwa asubuhi nimchukue. Njia ni ndefu, na kuna mambo ya hiyo kazi nataka kumwambia."

Niliuliza bila kupanga. "Na yangu?"

"Na yako pia," akasema. "Nitamwambia venye niliona mimi."

Nilimkaribisha chai. Akasema, "Chai siku ingine," akapanda gari. Lakini alikuwa amesema siku ingine, na miaka hii yote hajawahi kuniambia hata hilo. Nilisimama pale na unga ukikauka mikononi mpaka jirani akaniuliza kama kuna mtu amekufa.

Kwa hiyo kesho asubuhi hutaenda stendi. Utapanda pikapu ya baba yako mdogo. Msalimie kwa heshima, umwite baba, maana ndivyo alivyo kwako. Sikukupa haya uyasome ili uwe na majibu tayari. Atakuambia kwamba alinitazama nami nikasimama nikatoka. Ni kweli. Huenda atakuambia na mengine nisiyoyajua, au niliyojisahaulisha. Usimkatize. Usinitetee hata kwa neno moja, hata ukiona anazidisha. Mwache aseme mpaka achoke, kwa sababu hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kumpa nafasi hiyo.

Akimaliza, na ukishatulia huko chuoni, kama bado utataka kuniandikia, niandikie.

Ni mimi mama yako,
Nyambura